Sailensa ya kunyooka inaongeza nguvu au inaiua? Mafundi wawili wamenipa majibu mawili

#1 Mwendo_Pole

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijaikata gari yangu.

Gari ni ya petroli, silinda 4, cc 1500, haina turbo, gia otomatiki. Sailensa ya nyuma imeoza. Ukiichungulia ukiwa umesimama unaona iko nzima, ila ukilala chini unakuta tundu linaloingia kidole gumba, na ukiigonga inalia chakacha chakacha, nadhani vyuma vya ndani vimeachia. Ningeweza kurudisha ya kiwandani, lakini nikaona kama nabadilisha basi niweke kitu kizuri zaidi.

Fundi wa kwanza kasema: weka ya kunyooka (ile inayopitisha moshi moja kwa moja), bomba inchi 2.5 hadi nyuma, gari itapumua na utaona inavyochomoka. Fundi wa pili karibu anishike mkono. Kasema injini ndogo inahitaji bakpresha (ule mkandamizo wa moshi unaobanwa ukitoka), nikitanua bomba gari itakuwa nzito ikiondoka kana kwamba imebeba mchanga. Wote wawili nawaheshimu, wamenitengenezea gari miaka mingi.

Nani yuko sahihi? Na nikienda kununua naangalia nini hasa? Sitaki kelele, nina mtoto mchanga. Nataka tu nikikanyaga mafuta nisikie kwamba chini kuna injini.

#2 Kokoto

Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi. Yangu nayo imeoza.

#3 Spana17

Fundi wa pili yuko sahihi, mkuu. Msikilize.

Mimi niliweka bomba la inchi 2.5 kwenye cc 1300. Kwenye tambarare ilinidanganya, inanguruma vizuri. Nikafika kwenye mlima niliouzoea, ambao siku zote naupanda kwa gia ya tatu bila shida, ikanibidi nirudi ya pili. Gari ile ile, dereva yule yule, mafuta yale yale. Kilichobadilika ni bomba tu. Bakpresha ikiondoka, nguvu ya chini inaondoka nayo. Hili sikusimuliwa, limenikuta.

#4 MamaGasketi

Spana17, nakuamini kwamba gari ilikuwa nzito. Sikubaliani na sababu.

Hakuna injini inayohitaji bakpresha. Fikirieni pistoni inapopanda kutoa moshi. Kila nguvu inayotumika kuusukuma moshi ule imetolewa kwenye kazi ya kuzungusha magurudumu. Bakpresha ni hasara, na itabaki hasara hata ukiipa jina zuri.

Kinachohitajika ni MWENDO wa moshi. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa vipande, kila silinda inatema fungu lake. Fungu likikimbia linaacha mvuto nyuma yake, na ule mvuto unalisaidia fungu linalofuata kutoka. Kuna kipindi kifupi ambapo vali ya moshi haijafunga na vali ya hewa imeshaanza kufungua. Hapo mvuto ule unaingiza hadi hewa mpya. Sasa ukitanua bomba kutoka inchi 2 hadi 2.5, unaona umeongeza nusu inchi tu, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 56. Moshi ule ule kwenye njia pana vile unatembea polepole, na mvuto unalegea. Ndiyo maana chini ikawa nzito.

Kwa hiyo, mleta uzi, fundi wako wa pili kakupa ushauri mzuri kwa sababu isiyo sahihi. Injini ya cc 1500 yenye nguvu ya farasi mia moja na kidogo, inchi 2 inatosha. Inchi 2.25 ndiyo mwisho. Ile 2.5 waachie wenye farasi 200 na kuendelea.

#5 Spana17

Dada, heshima yako ipo palepale. Nijibu hili moja: baada ya ule mlima nilirudi kwa fundi, hakubadilisha bomba. Alichomelea kipande chembamba kwenye ncha ya nyuma tu, kama inchi 1.75. Gari ikarudi kuwa nyepesi. Kama ni mwendo wa moshi, kubana mwisho kabisa kunaongezaje mwendo huku mbele, kwenye bomba ambalo bado ni pana? Mimi naona kilichorudi ni bakpresha.

#6 Kokoto

Hapo kwenye swali la Spana17 nimesogeza kiti karibu.

#7 MzeeWaMenifodi

Wote wawili mnabishania mkia wakati ng'ombe yuko mbele.

Huo mvuto anaousema MamaGasketi upo, ila kazi yake kubwa inafanyika kwenye menifodi (mabomba yanayopokea moshi pale pale kwenye injini) na nusu mita za mwanzo. Pale moshi ukiwa na mzigo unaweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi. Ukifika kwenye sailensa ya nyuma umeshashuka hadi 200 au 300, na gesi ikipoa inanywea. Kutoka nyuzi 700 hadi 250 ujazo wake unapungua karibu nusu. Sasa hiyo sailensa ya mwisho inabanwa na nini? Ukibadilisha sailensa ya nyuma peke yake kwenye injini ndogo isiyo na turbo, utapata farasi wawili watatu kama ya zamani ilikuwa imeziba, na kama haikuziba unaweza usipate kitu. Nimekaa kwenye mashine za kupima nguvu mara nyingi, nimeona watu wakishuka kwenye gari wameshajiandaa kufurahi, halafu mistari miwili kwenye kioo imelaliana.

Spana17, swali langu kwako. Fundi alipoweka lile bomba kubwa alikata wapi? Kama alifungua kiungo kilicho kabla ya sensa ya oksijeni na hakikukaa vizuri, pale pananyonya hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Gari inakuwa nzito na inakunywa. Na aliporudi kuchomelea ncha, bila shaka aligusa na viungo vingine.

#8 Spana17

Mzee, alikata kuanzia karibu na menifodi. Kama alikaza tena siku ya pili siwezi kuapa, sikuwa nimelala chini naye. Lakini taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

#9 MzeeWaMenifodi

Uvujaji mdogo hauwashi taa. Kompyuta inarekebisha kimyakimya hadi ifike kikomo chake ndipo ikulalamikie. Ukiwa na kifaa cha kusomea unaona marekebisho ya mafuta yamepanda, taa imezima.

#10 MamaGasketi

Mzee nakubali kuhusu joto. Sikubali kwamba ya nyuma haina neno. Mawimbi ya presha yanasafiri hadi mwisho wa bomba na kurudi, na sailensa ni mahali ambapo bomba linatanuka ghafla, wimbi linagongwa hapo na kurudishwa. Ukiibadilisha unabadilisha wakati wa lile wimbi kurudi kwenye vali. Huenda ncha ya Spana17 ilifanya hivyo hivyo, ikabadilisha wimbi linalorudi. Hapo sisemi nina uhakika na gari ambayo sikuigusa.

#11 Spana17

Kwa hiyo sasa tuna sababu tatu na gari yangu ni moja.

#12 DerevaWaUsiku

Mnaongelea nguvu, mimi nataka nimwambie mleta uzi kuhusu MVUMO, kwa sababu ndio utakaomtesa kuliko farasi wawili.

Niliweka sailensa ya kunyooka na nikaondoa ile ndogo ya katikati. Siku ya kwanza mjini raha tupu, kila taa za barabarani natamani ziwe nyekundu niondoke tena. Wikiendi nikasafiri. Gari yangu kwenye mwendo wa safari inakaa kwenye mizunguko 2400 kwa dakika, na hapo hapo ndipo ulipoanza mvumo. Si kelele. Ni "mmmmm" moja nzito, inaingia kwenye viti, kwenye vioo, kwenye meno. Nikipunguza hadi 2000 inaisha, nikipandisha 2900 inaisha. Ila nani anasafiri saa nne akikwepa mizunguko? Nilifika kichwa kinauma na mke wangu hakuzungumza nami njia nzima kwa sababu hatukuwa tunasikilizana.

Na wewe una gia otomatiki, mkuu. Otomatiki inachagua yenyewe pa kukaa, na mara nyingi inapenda mizunguko ya chini ambako mvumo unaishi. Otomatiki ya mkanda (CVT) ndiyo mbaya zaidi, inaganda kwenye mzunguko mmoja dakika kumi.

Sikilizeni gari ikiwa SAFARINI, msisikilize ikiwa imesimama gereji inapigwa resi.

#13 Mahesabu

DerevaWaUsiku, mvumo wako unahesabika. Injini ya silinda 4 kila mzunguko mmoja inalipua mara 2. Mizunguko 2400 kwa dakika ni 40 kwa sekunde, mara 2 ni milipuko 80 kwa sekunde. Una wimbi la hezi 80, na gari yako, yaani chumba cha abiria, inaitikia vizuri sauti za hapo.

Dawa yake ipo na haihitaji kubadilisha sailensa. Unachomelea bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linaning'inia sambamba na bomba kuu. Urefu wake uwe robo ya urefu wa wimbi. Sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi ikiwa kinyume na iliyopo, zinauana. Ndani ya moshi wa nyuzi 300 sauti inasafiri kama mita 480 kwa sekunde, si 340 kama kwenye hewa ya kawaida. Gawanya 480 kwa mara nne ya 80, unapata mita 1.5.

#14 Kokoto

Mita moja na nusu ya bomba lisilokwenda popote! Inakaa wapi chini ya gari ndogo?

#15 MamaGasketi

Inakunjwa, Kokoto. Ikipinda bado inafanya kazi.

Mahesabu, kanuni ni sawa, joto si sawa. Bomba lililozibwa halipitishi moshi, kwa hiyo ndani yake hakuna nyuzi 300. Linapoa. Chukua nyuzi 150, sauti inatembea kama mita 410 kwa sekunde, urefu unashuka hadi kama mita 1.3. Tofauti ya sentimita 20 inatosha kukosa mvumo kabisa. Mimi huwa naanza na refu, naenda barabarani, narudi nakata kidogo, naenda tena. Likiwa refu linashika mizunguko ya chini, ukikata linapanda. Ukianza na fupi huwezi kurudisha.

#16 Mahesabu

Nimekubali. Nilitumia joto la bomba kuu. Asante dada.

#17 Mchanga_Mweusi

Yangu silinda 3. Mahesabu, hiyo ya mara 2 inakuwaje?

#18 Mahesabu

Mara 1.5. Kwa mizunguko 2400 una hezi 60. Ndiyo maana silinda 3 ina ule mngurumo wake wa chini, na bomba lako la pembeni lingekuwa refu zaidi ya lake.

#19 Kokoto

Naomba mtu anipasulie sailensa nione ndani. Muuzaji kanionyesha tatu, zote ni mikebe. Moja imeandikwa "Turbo" na gari yangu haina turbo.

#20 FundiChomelea

Nimezipasua nyingi, karibu.

Ya kwanza ni ya vyumba. Ndani kuna kuta za bati, moshi unaingia chumba hiki, unatokea kile, sauti inagongana na mwangwi wake na kufa. Haina pamba yoyote, kwa hiyo hakuna cha kuungua. Inakaa miaka. Nyingine zinanyamaza sana, nyingine zimetengenezwa makusudi zingurume, ndizo mnazosikia kwenye V8 za Kimarekani. Ila moshi haupiti vizuri sana.

Ya pili ni ya kurudi-rudi. Bomba linaingia, moshi unageuka, unarudi, unageuka tena kama herufi S ndipo unatoka. Za kiwandani nyingi ziko hivi, na hiyo ya "Turbo" ya Kokoto ni ya familia hii. Jina lilitoka kwenye Chevrolet Corvair ya miaka ya 1960 iliyokuwa na turbo. Vijana wa Marekani wakagundua sailensa yake inapitisha moshi vizuri bila kelele, wakaanza kuzivua na kuzifunga kwenye magari mengine. Jina likabaki. Gari yako haihitaji kuwa na turbo, Kokoto.

Ya tatu ni ya kunyooka. Bomba moja limetobolewa vitundu vingi, limezungushiwa pamba ya kioo, halafu mkebe juu. Ukichungulia unaona upande wa pili. Inapitisha moshi karibu kama bomba tupu. Pamba inakula sauti kali, zile za juu, lakini sauti nene za chini zinaipita kirahisi. Ndiyo sababu ya kilichomkuta DerevaWaUsiku.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kuhusu hii ya tatu: pamba inaungua. Nilipasua moja ya bei nafuu iliyotumika mwaka na nusu, ndani ilikuwa tupu, imebaki vumbi kwenye kona. Mwenye gari analalamika kelele imeongezeka, na kweli imeongezeka. Nzuri zinatanguliza nyuzi za chuma cha pua karibu na bomba, ndipo pamba nyuma yake, moto usiifikie moja kwa moja. Ukubwa wa mkebe nao ni muhimu. Mkebe mrefu na mnene unanyamazisha hata kama ni wa kunyooka. Fupi kama chupa ya maji, kimbia.

#21 Bawaba

Naongezea kwa mleta uzi: nenda na sumaku mfukoni. Ikishika, hicho si chuma cha pua, umeuziwa bati.

#22 FundiChomelea

Hapana Bawaba, hili linapotosha wengi. Chuma cha pua cha ekzosi kipo cha aina mbili kubwa. 304 ina nikeli, sumaku haishiki au inashika kwa unyonge sana pale kilipokunjwa. 409 haina nikeli ya maana, sumaku inashika kabisa, na bado ni chuma cha pua. Ekzosi nyingi za kiwandani ni 409. Itapata kutu ya juujuu ya rangi ya kahawia, haitatoboka haraka. Sumaku inakusaidia kama muuzaji kasema "hii ni 304" na inashika kwa nguvu. Hapo ndipo umuulize.

Kuna na chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Kwa hela ndogo ni kizuri, ila mahali tulipochomelea ile alumini imeungua, kutu inaanzia hapo hapo kwenye mshono. Nipakeni lawama mafundi, lakini pakeni na rangi ya kuhimili joto kwenye mshono.

#23 Bawaba

Nimejifunza. Miaka yote nilikuwa natembea na ile sumaku.

#24 Mtondoo

Mbona hakuna aliyemuuliza mleta uzi KWA NINI ya kwanza ilioza? Mkuu, safari zako ni fupi?

#25 Mwendo_Pole

Fupi sana. Nyumbani kazini dakika nane.

#26 Mtondoo

Basi ndiyo hiyo. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa maji karibu lita moja. Ukisafiri mbali sailensa inapata moto, maji yanatoka kama mvuke. Dakika nane haipati moto, maji yanabaki ndani na asidi kidogo, yanakula chuma kutoka ndani kwenda nje. Ukiona tundu la nje jua ndani kulikwisha zamani.

Sailensa nyingi za kiwandani zina kitundu kidogo sana upande wa chini, cha kutolea maji hayo. Nimeona watu wanakiziba wakidhani ni pancha. Ukinunua mpya angalia kama inacho, na kiwe chini, si juu. Fundi akiigeuza umepata ndoo.

#27 FundiChomelea

Hii ya kitundu nakazia. Na wewe wa dakika nane, 304 ndiyo yako kama mfuko unaruhusu.

#28 MamaGasketi

Mleta uzi, nimerudi kusoma ulichoandika mwanzo na kuna kitu kimenikosesha raha. Tundu la kidole gumba, na mtoto mchanga. Bado unaendesha hivyo?

Nisikilize kwa makini. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu wala rangi, na damu inaishika kuliko inavyoshika oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Nyuma ya gari inayotembea kuna eneo la hewa hafifu linalovuta moshi kurudi kwenye mwili wa gari. Ukifungua dirisha la nyuma au mlango wa buti haujakaza, unaingia ndani. Mimi niliwahi kuendesha wiki tatu na kiungo kilichopasuka chini ya kiti, kila jioni kichwa na kichefuchefu, nikadhani ni uchovu. Fundi niliyekuwa namkabidhi gari aliniambia "kelele tu hiyo, haina shida". Hadi nilipombeba mama yangu naye akashuka akiwa hawezi kusimama ndipo nikalala chini kuangalia.

Usimweke mtoto kwenye hiyo gari hadi itengenezwe. Mengine yote tunayobishana hapa yanasubiri.

Na utakapofunga mpya: ncha itokeze nje kabisa ya bampa, isiishie chini ya sakafu. Kuna wanaokata fupi ili isionekane. Usikubali.

#29 Mwendo_Pole

Dada asante. Kwa kweli nilikuwa naona ni kelele tu. Gari nimeiegesha tangu nilipoisoma hii asubuhi.

#30 Kifuu

Poleni wakuu, mimi naona mnazunguka. Kama anataka nguvu atoe masega (kile kisafisha moshi, catalytic converter), aweke bomba tupu pale. Nimetoa kwangu na gari inaruka.

#31 MzeeWaMenifodi

Kifuu, masega yako yalikuwa yameziba? Kama yaliziba, kuweka mapya kungekupa nguvu ile ile. Masega yakiwa mazima yanabana kidogo sana. Na ukiyatoa una sensa ya nyuma ambayo kazi yake ni kuyachunga, itawasha taa na kosa la P0420. Harufu nayo inakufuata hadi sebuleni. Nchi nyingi ni kosa la kisheria moja kwa moja.

#32 Kifuu

Taa imewaka kweli. Sikujua ni hiyo.

#33 MamaGasketi

Kifuu, na sasa moshi wako unatoka na kaboni monoksaidi yote ambayo masega yalikuwa yanaichoma. Soma #28 tena.

#34 Mahesabu

Kuhusu kelele, kwa kuwa mleta uzi ana mtoto. Muuzaji akikwambia "inaongeza desibeli tatu tu", usisikie "tatu tu". Desibeli 3 ni nguvu ya sauti mara mbili. Sikio lenyewe linahisi sauti imekuwa mara mbili ikiongezeka kama 10. Kwa hiyo 3 utaitambua, 10 majirani wataitambua.

Tafuta alama. Sailensa iliyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, namba 59, ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha: E1 Ujerumani, E11 Uingereza, E43 Japani. Za Kijapani za soko la kwao nyingi zina kibati cha JASMA (chama cha watengenezaji sailensa wa Japani), nacho ni ushahidi kwamba ilipimwa kelele. Mkebe usio na alama yoyote si lazima uwe mbaya, ila hakuna aliyeusikiliza kwa kifaa kabla yako.

#35 DerevaWaUsiku

Angalia alama iligongwa kwenye chuma. Vibandiko hata mimi naweza kuchapisha.

#36 Bomba_Mbili

Mbona hakuna anayesema kuhusu ulaji wa mafuta? Mimi baada ya kuweka ya kunyooka gari inakula zaidi. Presha imepungua, ingekula kidogo.

#37 Spana17

Kwa sababu bakpresha imeondoka!

#38 MamaGasketi

Spana17 jamani.

#39 MzeeWaMenifodi

Au kiungo kinavuja kabla ya sensa.

#40 DerevaWaUsiku

Au Bomba_Mbili anakanyaga zaidi ili aisikie. Mimi nilikuwa hivyo miezi miwili ya kwanza, na mke wangu ndiye aliyeniambia.

#41 Bomba_Mbili

Siwezi kukataa ya DerevaWaUsiku. Ya Mzee nitaikagua Jumamosi.

#42 Mwendo_Pole

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilichukua sailensa ya kurudi-rudi, mkebe mkubwa, 304, ina alama ya E iliyogongwa, kitundu cha maji kipo chini. Bomba inchi 2, halikuguswa mbele ya masega. Ile ndogo ya katikati nimeiacha. Ncha inatokeza nje ya bampa kama upana wa vidole vitatu. Mipira ya kuning'iniza nimebadilisha yote minne, ya zamani ilikuwa imenyooka kama ulimi. Fundi wa pili ndiye aliyefunga, na fundi wa kwanza alikuja kuangalia, wakabishana hadi jioni.

Matokeo. Nikikanyaga inasikika nene kidogo, nikiachia inanyamaza. Safarini nimepima hadi mizunguko 3000, mvumo haupo, isipokuwa kama 1900 kwenye mlima kuna mtetemo mdogo sana, unakuja na kuondoka. Mtoto alilala njia nzima.

Ila wakuu, naapa gari imekuwa nyepesi kuondoka. Haikuwa hivi hata kabla ya kutoboka. Bomba ni kipenyo kile kile. Hii imetoka wapi?

#43 MzeeWaMenifodi

Ya zamani ilikuwa imeziba, ulisema vyuma vya ndani vimeachia. Vililala kwenye njia ya moshi.

#44 MamaGasketi

Inawezekana. Au wimbi linarudi kwa wakati tofauti, mkebe wako mpya una ujazo mwingine. Na huo mtetemo wa 1900, angalia kwanza kama bomba haligusi mahali, kabla hujafikiria bomba la pembeni.

#45 Spana17

Mkuu, sailensa ya kurudi-rudi ina bakpresha kuliko ya kunyooka. Nasema hilo tu, halafu nanyamaza.

#46 Kokoto

Mwendo_Pole, urefu wa huo mkebe ni sentimita ngapi? Niko dukani sasa hivi nimeshika mbili.